Buguruni Imezuiwa

Unga uliisha Bernadeta akiwa ameshakanyaga kizingiti cha duka. Mzee Marijani, muuzaji wa duka la ushirika hapo Temeke, na ndiye huyo huyo balozi wa nyumba kumi, alikung'uta gunia la mwisho, akalikunja, akaliweka chini ya mizani, akasema ni mpaka wiki ijayo Mungu akipenda. Hakuna aliyegombana naye. Watu walikuwa wamesimama tangu alfajiri, na kugombana kunataka nguvu. Walikunja mifuko yao wakaondoka, na wale waliopata walipita katikati yao wameficha unga chini ya kanga kama vile wameuiba.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mvua zilikuwa zimekataa, na unga wenyewe ulikuwa ule wa njano wa kuletwa kwa meli, ambao watoto waliula huku wamekunja nyuso. Hata huo ulikuwa haupatikani.

Nyuma ya Bernadeta alikuwepo Chausiku, jirani yake wa ukuta mmoja, na mtoto mgongoni. Naye alikuwa amekosa. Walirudi pamoja, na walipofika kwenye bomba la maji Chausiku akaanza utani wake.

"Mama Adelina, na wewe unakosa? Si mwanao ndiye anayeiambia ile mashine simama, nayo inasimama?"

Wanawake waliokuwa wanasubiri maji wakacheka. Bernadeta naye alicheka, ila kicheko kilimkauka mdomoni, kwa sababu maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Ni yeye aliyeyasambaza hapo bombani, na kanisani baada ya misa, na kwa muuza mkaa ambaye hata hakuuliza. Yeye mwenyewe alikuwa ameishia darasa la nne huko Ndanda, na binti yake amemaliza kidato cha nne na kukalishwa mbele ya mashine ya serikali inayofikiri. Mama anayesoma haya asiharakishe kumcheka. Nani kati yetu hajawahi kumsifia mwanawe kwa watu wasiouliza?

*

Adelina alipotoka kazini jioni alikuta uji mwepesi, akaketi kuunywa. Baba yake, Anselmo, alikaa kwenye mkeka akisugua kinyago cha mpingo kwa msasa. Wanunuzi wa vinyago walikuwa wameadimika, na kifua kilikuwa kinamsumbua, kwa hiyo alisugua taratibu, kama mtu asiyetaka kazi iishe. Mshahara wa Adelina ndio ulioendesha nyumba, kodi na karo na dawa ya kifua.

Kazi yake mama mtu aliijua, maana alikuwa msikilizaji mzuri. Kila Alhamisi kadi zenye matundu ziliingizwa kwenye mashine, kila kata na furushi lake. Mashine ilizisoma zote, ikazipanga foleni humo humo ndani yake, kisha ikachapa vibali vya unga, kata moja baada ya nyingine. Ijumaa asubuhi madereva walivichukua vibali wakaenda ghalani Barabara ya Pugu. Bila kibali lori halipakii. Lakini jioni mashine ilikabidhiwa kwa watu wa wizara wenye hesabu zao, na kata ambayo ilikuwa haijafikiwa iliandikiwa kibali cha mkono, cha magunia machache ya kupoza watu. Temeke ilikuwa mkiani mwa foleni. Wiki ile na wiki iliyotangulia ilipata kibali cha mkono.

Bernadeta alingoja mpaka bakuli likawa tupu ndipo akauliza kama haiwezekani, mara moja tu, Temeke ikatangulia. Adelina akamjibu kwamba mpangilio anaupanga mkuu wao, Ndugu Projestus, na yeye hana uwezo wa kuupangua.

"Na kusimamisha je? Si ulisema unawezaga kuisimamisha?"

Adelina alisukuma bakuli pembeni. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huona ni rahisi zaidi kueleza kuliko kukataa. Akaeleza kwamba kuzuia kuko, ila ni kwa ajili ya kadi zenye mashaka au karatasi ikichanika. Unakaa kwenye taipureta iliyounganishwa na mashine, unaandika neno la Kiingereza HOLD, yaani zuia, na jina la kazi. Hiyo kazi haifutiki. Inabaki kwenye foleni pale pale ilipokuwa, ila haisogei, na zilizo nyuma yake zinaipita. Mpaka uandike neno jingine la kuiachia.

"Basi ukiwazuia wa mbele kidogo tu, sie tukapita, halafu ukawaachia wakaendelea, kuna aliyepungukiwa?"

"Muda ukitosha, hakuna."

"Utatosha. Wa mwisho siku zote ni sie, na hao wengine wamekula wiki mbili."

Anselmo akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye kinyago, kwamba mtoto aachwe, kazi ya ofisi ni ya ofisi. Bernadeta akamgeukia akamwambia, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko ya juu, kwamba mwanamume ambaye hajaleta kitu nyumbani tangu Pasaka asimfundishe mtu habari za kazi.  Msasa uliendelea mara mbili tatu kisha ukanyamaza. Adelina alimtazama baba yake akikusanya vumbi la mpingo kwa kiganja, na kuliko njaa yenyewe, ni hilo lililomfanya aseme kwamba ataangalia.

*

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ya kutengenezwa, na mtu haruhusiwi kuingia na viatu kwa sababu ya vumbi. Waendesha mashine walivaa soksi. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi wa kawaida, kama wa darasani, na ubao huo ulikuwa na desturi yake.

Mashine ile haikumbushi mtu. Kazi ikizuiwa hailii, haiwashi taa, haiandiki kwamba jamani na mimi nipo. Inakaa kimya kwenye foleni mpaka mtu aitaje. Zilipopita kazi mbili tatu za kusahauliwa, waendesha mashine wakajitungia utaratibu wao: anayezuia kazi anaandika jina lake ubaoni kwa chaki na kulizungushia duara, na anayeiachia analifuta kwa mkono wake mwenyewe. Anayeingia zamu anatazama ubao kabla hajatoa hata salamu. Haikuandikwa popote, wala mkuu hakuwaagiza. Ilikuwa yao tu, na walivyoizoea hawakukumbuka kuwa si kila mtu anaijua.

Alhamisi iliyofuata Adelina alizuia kazi tatu: Buguruni, Vingunguti na Gongo la Mboto. Aliandika majina yote matatu ubaoni, akayazungushia. Hakutaka kuficha. Akiulizwa angesema kadi zimemtia mashaka, na hilo lilikuwa linatokea. Temeke ikafikiwa, mashine ya kuchapa ikanguruma, karatasi za Temeke zikatoka zikikunjana zenyewe kapuni. Alipoona ukurasa wa mwisho akaiachia Gongo la Mboto, akasubiri ianze, akaifuta ubaoni. Akaiachia Vingunguti, akaifuta. Muda ulikuwa unatosha. Alikuwa anageuka arudi kwenye taipureta kwa ajili ya Buguruni, mlango ukafunguliwa.

Alikuwa Ndugu Projestus, mtu wa Bukoba, mpole, aliyependa usafi na hakupenda kusema jambo mara mbili. Alisema wageni wa wizara wamewahi, waliopo wote wajipange ukumbini, mashine ataipokea Kornelio, mwenzake Adelina wa zamu ya jioni, ambaye yuko njiani kutoka kantini. Adelina akasema bado kidogo tu. Projestus akamwambia kwamba wageni hawaambiwi bado kidogo.

Adelina alitazama ubao. Buguruni ilikuwa pale, katika duara lake, peke yake, haiwezi kukosa kuonekana. Akavaa viatu akaenda.

Kilichofuata hakukiona mtu aliyejua maana yake. Tarishi alikuwa ameagizwa apendezeshe chumba, maana wageni wangepitishwa humo. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alichukua kitambaa kibichi akaufuta ubao mpaka ukang'aa, akaandika kwa herufi kubwa KARIBUNI WAGENI WETU, na pembeni akachora mwenge. Kornelio alipoingia akatazama ubao, kama siku zote, akakuta makaribisho. Mashine ilikuwa imemaliza Vingunguti, na kwenye karatasi ya taipureta imeandika kwamba haina kazi ya kuendesha. Ilisema kweli, maana iliyozuiwa haihesabiwi kuwa ya kuendeshwa. Kornelio angeweza kuiuliza foleni yote kwa jina. Hakuuliza. Alifunga kazi za siku, akawakabidhi mashine watu wa wizara.

Adelina alikaa ukumbini akigawa soda mpaka wageni wakaondoka. Alimkuta Kornelio getini akamuuliza kama amemaliza.

"Nimemaliza zote, dada yangu. Nenda kapumzike."

Hilo ndilo neno alilotaka kulisikia, basi akalipokea kama lilivyo. Buguruni haikuandikiwa hata kibali cha mkono, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba imebaki.

*

Ijumaa lori lilikuja Temeke limejaa. Mzee Marijani aliuza mpaka jua likawa kali, na hata walevi waliofika mwisho walipata. Bernadeta alipika ugali mzito, akampelekea Chausiku bakuli, na hapo ndipo aliposhindwa kuufunga mdomo. Alimwinamia akamwambia kwamba mambo mengine si bahati, yanapangwa, na kwamba jirani asiseme hakusaidiwa. Chausiku alicheka akamwita mke wa waziri.

Jumamosi mchana Chausiku alikuja mwenyewe, hakupiga hodi. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akavua kanga ya kichwani akaikunja mapajani. Kaka yake, Mfaume, alikuwa muuzaji wa duka la ushirika kule Buguruni. Jana watu walipanga foleni tangu usiku haujaisha. Lori halikuja. Mfaume aliwaambia lori halikuja, wakasema mbona Vingunguti limefika, mbona Ilala limefika, huyu ameuficha unga anauza kwa walanguzi. Walivunja mlango wakakuta magunia matupu, na magunia matupu yakawakasirisha zaidi. Walimpiga. Mgambo walipofika hawakuwashika waliopiga, walimshika Mfaume. Yuko rumande, na meno ya mbele hana.

Bernadeta alimpa pole. Aliitoa vizuri, kwa maneno yote yanayostahili, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika, na ilishika ufagio.

"Mama Adelina," Chausiku akasema, "yale uliyoniambia jana ya kupangwa. Ilikuwa kupangwa vipi?"

"Yalikuwa maneno tu, mwaya. Mie na wewe tunajuaga kutaniana."

Chausiku aliinuka. Akajifunga kanga yake akasema anakwenda kutafuta chakula cha kumpelekea mahabusu.

*

Jumatatu Adelina alirudi nyumbani mapema, na akakaa bila kuvua viatu. Malalamiko ya Buguruni yalikuwa yamefika ofisini. Projestus mwenyewe aliketi kwenye taipureta, akaiuliza mashine foleni yake yote, na mashine ikaandika mstari mmoja. Buguruni. Imezuiwa. Ilikuwa imekaa humo tangu Alhamisi, ya kwanza kabisa kwenye foleni, ikisubiri kuambiwa. Kibali kilichapwa saa ile ile, lori likaondoka, na Mfaume angeachiliwa mara karatasi zikifika kituoni.

Sasa kulikuwa na kikao Jumatano. Kornelio alikuwa ameshaambiwa kwamba huenda akafukuzwa, kwa kuwa ndiye aliyefunga kazi za siku bila kuiuliza foleni. Adelina angepewa onyo kwa kuondoka na kazi ikiwa imezuiwa. Tarishi naye alikuwa amelia mbele ya watu kwamba alifuta kwa sababu aliambiwa apendezeshe.

Anselmo aliuliza swali moja tu. Je, wamemuuliza kwa nini aliizuia?

Adelina akasema hawajamuuliza. Wote wamechukulia ni kadi zilikuwa na mashaka. Kisha akasema Kornelio ana watoto wadogo, na anamtunza mama yake mzee. Bernadeta alianza kusema kwamba kila mtu ana mzigo wake, na kama yule bwana angefanya kazi yake sawasawa mambo haya yasingekuwepo. Adelina alimkatiza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mama, naomba uliache hapo lilipo. Usilisogeze. Nitajua mwenyewe la kufanya."

Bernadeta akaitikia. Na aliitikia kwa nia njema kabisa, kama sote tunavyoitikia.

Lakini Jumatano asubuhi, akienda kuteka maji, alimkuta Chausiku amesimama na Mzee Marijani kwenye kibaraza cha duka, wanaongea kwa kunong'ona. Walipomwona wakanyamaza. Marijani alimwitikia shikamoo yake huku anatazama pembeni. Bernadeta alipita na ndoo tupu, na kabla hajafika bombani alikuwa ameshaona kila kitu kichwani mwake: Chausiku amemwambia balozi, balozi amewaambia wa chama, wa chama wanakwenda ofisini, Adelina anachukuliwa na mgambo kwa hujuma kama alivyochukuliwa Mfaume. Siku zile neno hujuma lilikuwa linasikika redioni, na lilikuwa linamtisha. Akaiacha ndoo bombani. Alirudi akabadilisha kanga, akavaa viatu vya kanisani, hakumwambia Anselmo, akashika njia ya mjini kwa miguu kupitia Chang'ombe na Keko. Njia nzima alikuwa anapanga maneno.

*

Askari wa getini alimuuliza anauza nini, maana wauza maandazi hupitia nyuma. Akasema hauzi kitu, ni mama wa mfanyakazi. Askari akauliza mfanyakazi gani, na mama ana miadi na nani, na ana barua gani. Akamwacha amesimama juani upande wa baiskeli. Wafanyakazi walipita wakamtazama viatu, ambavyo vilikuwa vimejaa vumbi la Keko. Mmoja alimwambia askari amtafutie huyo mama kivuli, askari akasema hapa si hospitali. Alisimama mpaka jua likawa utosini, ndipo tarishi, yule yule wa mwandiko mzuri, aliposikia jina la Adelina akamwonea huruma akamwingiza.

Ofisi ya Projestus ilikuwa upande wa pili wa chumba cha mashine, ilibidi kukipita. Tarishi akamwomba avue viatu. Bernadeta alivivua, na miguu yake iliyopasuka visigino ikaonekana kwenye sakafu ile inayong'aa, akaona aibu akaishusha kanga. Baridi ilimwingia. Alitafuta mashine inayofikiri akaona makabati tu ya chuma, na meza yenye taipureta isiyo na mtu. Ubaoni makaribisho yalikuwa bado hayajafutwa. Hakuna aliyethubutu kuugusa ubao ule tena.

Ndani ya ofisi walikuwa wamekaa Projestus, karani mwenye kalamu, Kornelio, ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama la kwenda msibani, na Adelina. Projestus alisimama kwa heshima, akasema shikamoo mama, akauliza kama kuna msiba nyumbani.

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka mdomoni kwa mkupuo. Hakukaa kwenye kiti alichopewa.

"Baba yangu, nimekuja kumwombea mwanangu. Asipelekwe na mgambo. Yeye hana kosa, ni mtoto mtiifu tu. Ni mie niliyemwomba azuie Buguruni ili Temeke itangulie. Tulikuwa na njaa. Mnishike mie."

 Karani alikuwa ameinua kalamu, akamtazama mkuu wake kujua kama aandike. Nyuma ya mlango mashine ilikuwa inavuma kwa sauti moja ile ile.

"Mama," Projestus akasema taratibu, "hakuna mtu aliyetaja mgambo hapa. Hatukumuuliza hata kwa nini aliizuia. Tulikuwa tunazungumza habari ya kufutwa kwa ubao."

Bernadeta alimtazama binti yake. Adelina hakuwa na hasira. Alikuwa anamwangalia mama yake kama mtu aliyesimama kituoni anavyoliangalia basi ambalo limeshapita. Kisha akageuka akamwangalia Kornelio, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yameshuka, kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni na bado haamini.

"Ni kweli aliyoyasema mama?" Projestus aliuliza.

"Ni kweli, Ndugu. Na Kornelio hana kosa."

Projestus alivua miwani akaifuta kwa shati. Alisema angeweza kusamehe kusahau, hata yeye husahau. Alisema watu wa Buguruni nao walikuwa na njaa. Alisema hayo bila ukali, na alionekana amechoka kuliko wote mle ndani, kisha akamwambia karani aandike.

*

Walirudi kwa miguu mama na mwana. Adelina alibeba mfuko wa karatasi wenye soksi zake za kazini na kikombe chake. Bernadeta alisema mengi kufika Keko. Alisema Chausiku ndiye aliyewachongea, alisema alimwona kwa macho yake akinong'ona, alisema alikuja kumwokoa. Adelina alimwacha aseme mpaka yakaisha.

"Ungesema mwenyewe?" Bernadeta akauliza mwisho. "Kuhusu yule Kornelio. Ungesema?"

"Nilikuwa nangoja zamu yangu," Adelina akasema. "Sijui ningesema nini, mama. Sasa sitajua kamwe."

Nyumbani Chausiku alikuwa amekaa mlangoni mwao, amewarudishia ndoo yao, imejaa maji. Alikuja kuwapa habari kwamba Mfaume ametoka, na kwamba asubuhi alikuwa anamwomba Mzee Marijani nauli ya kwenda kumpokea, jambo ambalo aliona haya kulisema mbele za watu.  Chausiku aliutazama mfuko wa karatasi, akautazama uso wa Adelina, akaelewa mengi kwa pamoja.

"Mie sikusema kwa mtu," alisema. "Nilikuwa na hasira, lakini sikusema."

Anselmo alitoka ndani na kinyago mkononi. Aliambiwa, akasikiliza mpaka mwisho. Hakumsuta mkewe, ingawa siku ile alikuwa na haki. Alirudi mkekani, na baada ya muda msasa ukasikika tena, mkavu, ukisugua kitu ambacho kilikuwa kimeshalainika zamani.

*

Ijumaa iliyofuata Adelina alikwenda dukani mwenyewe kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Bernadeta alimfuata nyuma. Foleni ilikuwa imeshapinda hadi kwa muuza mkaa. Temeke ilikuwa imerudi mkiani kwenye ile mashine, na vibali vya mkono ni vya magunia machache.

Habari zilikuwa zimezagaa, lakini zilizagaa kwa namna yake. Kwa watu wa Temeke, Adelina alikuwa mtoto aliyepoteza kazi kwa ajili yao. Mama mmoja alimshika mkono. Mwingine alimwita shujaa, na kijana mmoja akauliza kwa mzaha kama hawezi kurudi akaizuia tena hata leo tu, na watu wakacheka, wala hawakucheka kwa ubaya. Mzee Marijani, akiwa kwenye mizani, alinyoosha shingo akamwona.

"Adelina, mwanangu, wewe hukai huko. Pita mbele. Jamani mpisheni."

Watu wakaanza kumpisha. Walimpisha kwa moyo kabisa, foleni nzima ikaegemea upande mmoja, njia ikawa nyeupe mpaka kizingitini. Bernadeta aliiona njia ile. Nyumbani palikuwa na ukoko wa kubandua sufuriani tu, na Anselmo alikuwa amelala na kifua. Mdomo wa Bernadeta ulifunguka.

Adelina alisema asante, mzee, nitasubiri zamu yangu. Hakusogea. Watu waliduwaa kidogo, kisha, kwa kuwa njaa haina subira ya mambo hayo, wakarudi kwenye nafasi zao na njia ikajifunga.

Bernadeta alikuwa bado ana neno mdomoni. Alilishika hapo hapo. Aliliona jinsi lilivyo zito, akalimeza, akashika ncha ya kanga yake kwa mikono miwili, akasimama nyuma ya binti yake kama mtu mwingine yeyote. Foleni ilisogea, ikasimama, ikasogea. Jua likapanda. Walikuwa wameshaanza kusikia sauti ya mizani walipomwona Mzee Marijani akiliinua gunia, akalikung'uta, akalikunja.